Mara Kumi Nyuma ya Pazia

Mume wangu Bwanakheri kanunua waya.
Mita moja, haizidi,
umelazwa katika sanduku la mahameli
kama kidani cha biarusi,
na risiti kaikunja mara nne
kaificha ndani ya kofia ya Idi,
kana kwamba kofia zake zafuliwa na jini.

Elfu thelathini na mbili.
Friji yetu inakoroma tangu Rajabu,
maziwa yetu hulala kwa jirani.

"Ndoo usikize," ananiita.
"Huu una fedha ndani."
"Najua," nasema. "Fedha zetu."
"Fedha ya kweli, mwanamke! Na ncha zimepakwa dhahabu.
Husikii fidla ilivyotakata? Vumbi lote limetoka."

Fidla nikaisikia.
Punda wa kina Shalo nikamsikia, uchochoroni, akidai pumba.
Vumbi sikulisikia
likitoka, wala likiingia.

Mimi nimekaa posta miaka kumi na tisa,
dirisha la telegramu.
Nimepokea arusi, nimepokea vifo,
vyote vikija kwa nukta na vistari
toka Mombasa, toka Kismayu,
na sikuona hata siku moja
msiba kuzidi uchungu kwa kupita kwenye nguzo mpya.
Nukta ni nukta.
Ikifika, imefika yote.

Lakini sitasema uwongo: waya ukioza
hauitii nukta vumbi, unaimeza.
Mwaka wa mafuriko, "hajafika" ilitufikia "fika",
na Lali Kombo akafunga safari mpaka Garsen
kumpokea mtu asiyekuwapo.
Na ule wa zamani wa Bwanakheri, chumvi iliula shingo,
wimbo ukawa unaruka
kama mtu aliyekanyaga mwiba.
Haki yake kuutupa.

Nami nikashuka Langoni, dukani kwa Munibu,
nikanunua wangu:
mia tatu na hamsini, umefungwa kwa lastiki.

Alasiri nikatundika leso mbele ya mashine.
"Wewe kaa pale. Mimi nyuma ya pazia. Mara kumi.
Utaniambia upi ni upi."
Sarafu ndiyo iliyoniamulia.
Mara ya saba ikaniacha palepale,
nikachakarisha mikono, nikakohoa, sikugusa kitu.
"Aaa! Huo!" akapiga paja. "Huo ndio dhahabu!"
Ulikuwa wa Munibu.

Niliandika nyuma ya karatasi ya stima.
Tano kapata, tano kakosa.

"Ngapi?"
"Tano."
Akanyamaza kitambo.
Akaangalia kuta zetu, tupu toka boriti hadi sakafu,
akapiga kofi moja,
kofi likamrudia mara mbili.
Kisha, bila neno, akaingia chumbani
akatoka na godoro letu la sufi kichwani,
akaliegemeza ukutani, mkabala na spika.

Hapo, wallahi, fidla ilisogea.
Mwimbaji akafunga mlango nyuma yake,
akaketi nasi.
Hapakuhitajika pazia wala sarafu,
hata kwangu mimi, mwenye masikio ya posta.

Godoro likakataa kuondoka, au mwenyewe akakataa.
Usiku tukalala mkekani, mifupa ikilalamika,
friji ikikoroma kuliko sote,
na gizani akanigusa bega:
"Ile ya saba, ulibadilisha?"
"Sikubadilisha."
"Nilijua," akasema,
akageukia ukuta.